Mtu anaimba vizuri lakini hawezi kuomba maji, je anajifanya?

Hapa Mwanza utakuta mzee kapata stroke, ukimuuliza anataka nini anahangaika na mdomo neno halitoki, ila jumuiya wakija kusali nyumbani wimbo ukianza tu na yeye yumo, ubeti mzima. Basi majirani wanagawanyika, hawa wanasema muujiza, wale wanasema huyu anajifanya. Hao wa kujifanya wananiuma sana, maana mzee wa watu anaanza kununiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jamani hiyo ni afasia, yaani ubongo ukiumia mtu anapoteza uwezo wa kusema, na haijaanza jana. Karne ya 18 huko Uswidi, Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyebakiwa na "ndiyo" tu lakini tenzi alizozijua anaimba. Kuanzia 1861 daktari Paul Broca wa Paris akaonyesha ubongo ukiumia mbele upande wa kushoto usemi unakatika, kwa hiyo wengi wakaja kuamini kwamba kuimba kunabebwa na upande wa kulia. 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, wakatoa tiba kabisa, mgonjwa anaivuta sentensi fupi kama wimbo huku mkono wa kushoto unagongwa taratibu, kisha wimbo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka abaki anaongea.

Sasa wanaopinga kwamba tuni ndiyo inayorudisha usemi nao wana hoja. 1977 mtafiti Yamadori na wenzake waliwapima wagonjwa 24 wa afasia, 21 walishika tuni vizuri ila kati yao ni 12 tu waliotoa maneno vizuri. Halafu 2011 mtafiti Stahl na wenzake Ujerumani wakaona kinachosaidia zaidi ni mdundo na maneno ambayo mtu keshayazoea, siyo tuni yenyewe. Ndiyo maana mzee anamaliza wimbo wa miaka 40 kanisani halafu "nipe maji" inamshinda, ule wimbo hautungi, unajitokea wenyewe.

Kwa hiyo mi siamini kwamba kumwimbisha tu nyimbo za kwaya kutamrudishia maongezi, japo moyo unamchangamka na hilo siyo dogo. Ila watafiti wa Montreal, Kanada, waliona pia kwamba akiimba pamoja na mtu anatoa maneno mengi kuliko akisema naye. Basi kaa karibu yake, shika mkono wake wa kushoto, gonga polepole, imbeni wote "na-o-mba ma-ji", "na-u-mwa ha-pa", yale anayoyahitaji kila siku, na mtaalamu wa usemi akipatikana msimkose.