Salamu imeuzwa kwa shilingi elfu moja

Leo alfajiri, Ngamiani, nimesimama kwa bibi muuza vitumbua. Mtu mzima, rika la mama yangu. Akaja kijana, masikioni kaweka vidude vyake, akarusha noti juu ya sinia: "Oya, vya buku hivyo, fasta!"

Hana shikamoo, hana naomba. Oya! Bibi aliganda, mwiko mkononi, mafuta yanatoka povu. Kisha akafunga vitumbua kwenye gazeti, akampa bila kumtazama. Uso ule umenikaa rohoni mpaka sasa naandika.

Na hii ni Tanga! Hapo Vibambani ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hapa mtoto alifunzwa salamu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Shikamoo maana yake nashika miguu yako. Mtu anainama kwa ulimi. Sasa tunaandikiwa "xkmoo" kwenye simu, na x yenyewe haimo katika alfabeti yetu. "Xaxa", "xawa", upuuzi mtupu.

Mniambie lugha hukua, sawa, ikue. Lakini matusi ya nguoni mbele ya wakwe, stendi nzima, na watu wazima tunacheka? Aliyezoea kumwita bibi "oya" atashindwa nini kumsukuma kwenye mlango wa daladala? Nimeyaona yote mawili, wiki hii hii.

Nilimwita yule kijana arudi amwamkie bibi. Alishapanda bodaboda.