Jakuzi la Raskazone na sponji ya laki nane

Binamu yangu ana nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Tanga, mtaa wa Raskazone. Uani, chini ya mwarobaini, ameweka jakuzi (beseni kubwa la maji moto lenye pampu na hita) la watu watano alilolinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Juzi fundi amempa makadirio ya shilingi laki nane alivishe sponji ngumu ya ziada, unene wa sentimita tano, kuta zote na chini. Hoja ya fundi ni fupi: luku inakula faida yako. Binamu akanipigia, nitoe nisitoe?

Nilianza nikiwa upande wa fundi. Sote tumelelewa na chupa ya chai, tunajua kinachokaa kati ya chai na ukuta wa nje ndicho kinachoamua kama mgeni wa saa kumi atakunywa cha moto au cha vuguvugu. Na wavuvi wanaofunika barafu kwa maranda ya mbao wanafanya kazi ileile kwa upande wa pili. Kwa hiyo sponji inafanya kazi, hilo halina ubishi. Ubishi ni inaokoa shilingi ngapi, na hapo nikachukua kalamu.

Jakuzi lina lita 1,200. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunataka uniti 1.4 za umeme. Kuta na chini ni kama mita 10 za mraba, na kiwandani lilishawekewa sponji ya sentimita tatu. Maji yakiwa nyuzi 39 na hewa ya usiku nyuzi 24, kuta hizo zinapoteza takriban uniti tatu kwa siku nzima. Ukiongeza sentimita tano za fundi, upotevu unashuka hadi uniti moja na robo hivi. Tuseme anaokoa uniti 1.7. Kwa mtu anayelipa shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo ndani, hiyo ni kama shilingi 600 kwa siku.

Jakuzi likiwa moto siku zote 365, laki nane inarudi baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Si haba. Mwenye hoteli yenye wageni kila siku ningemwambia aweke. Lakini la binamu linawashwa Ijumaa na Jumamosi. Kwa siku hizo mbili za wiki, akiba ya mwaka ni elfu sitini na kitu, na laki nane inahitaji miaka 12 na ushee kurudi. Sidhani pampu yenyewe itaishi miaka hiyo kwenye hewa ya chumvi.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hakulitaja, pengine kwa sababu ushauri wa kuvisha majakuzi umetoka kwa watu wa mbali. Joto hupotea kwa kadiri ya tofauti kati ya maji na hewa. Kanada usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 54. Kwetu ni 15, na hapo nimehesabu usiku, mchana wa kaskazi inabaki saba au nane. Sponji ileile iliyomlipa mtu wa kule haraka, huku inamlipa robo tu.

Tena inaweza kumgeukia. Pampu ikizungusha maji hutoa joto, na sehemu ya joto hilo inaingia kwenye maji. Ukilivika jakuzi makoti mawili mwezi wa Februari, maji yanaweza kupita kipimo ulichoweka bila hita kuwaka kabisa, na hakuna mgeni atakayelipa kuchemshwa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 40, na si kwa mapambo. Sijataja panya, ambao sponji kwao ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi, wala bomba likivuja nyuma ya sponji iliyogandishwa: utaichimba kama unatafuta muhogo.

Nilipofika hapo nikamuuliza binamu swali ambalo ningeanza nalo. Usiku unalifunika na nini? Akasema turubai, kijana akikumbuka.

Basi tatizo liko huko, juu. Tuliliacha wazi usiku mmoja likiwa linapashwa, tukaweka alama ukutani. Baada ya Alfajiri maji yalikuwa yameshuka milimita saba. Kwa uso wa mita tatu za mraba, hiyo ni ndoo ya lita 20 imepaa kama mvuke. Na mvuke hauondoki mikono mitupu: kila lita moja ya maji ya joto lile inapogeuka mvuke inabeba theluthi mbili za uniti. Ndoo ile imeondoka na uniti 13, zaidi ya shilingi 4,600, kwa usiku mmoja. Akiba ya sponji ya fundi inahitaji wiki nzima kufikia hapo, na bado haifiki. Kusi likivuma hali ni mbaya zaidi, maana upepo unafagia mvuke na kukaribisha mwingine.

Fundi alijitetea kwamba umeme ukikatika sponji itashika joto. Kwa lita 1,200 zilizofunikwa vizuri, saa sita za giza zinashusha nyuzi moja tu. Mgeni hataihisi, labda awe ameingia na kipimajoto.

Ambako namkubali fundi ni kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku ukishuka nyuzi 20, na kwenye kelele: sponji inanyamazisha pampu, na chumba namba nne kinapakana na ile pampu. Hilo nalo lina bei, ingawa haliwezi kuandikwa kwenye luku. Kwa kelele peke yake, lakini, kipande kimoja upande wa pampu kinatosha, na mlango wake ubaki unafunguka.

Kuna na njia ya kutonunua kitu. Kulipasha kutoka nyuzi 27 hadi 39 ni uniti 17, kama shilingi 6,000, na hita ya kilowati tatu inamaliza kwa saa sita hivi. Mgeni akiweka nafasi asubuhi, jioni lipo tayari. Likizimwa Jumapili likabaki baridi hadi Ijumaa, hakuna joto la kupotea. Au ampeleke mgeni Amboni akaoge majimoto ya asili, kama anavumilia harufu ya kiberiti.

Binamu amemwambia fundi asubiri. Jumatatu ameenda Ngamiani kwa fundi makochi na vipimo vya mfuniko wa vipande viwili, unene sentimita nane. Nimemsisitizia isiwe sponji ya kochi inayonyonya maji, na kila kipande kivishwe nailoni kabla ya kushonewa turubai, la sivyo baada ya miezi mitatu kijana hatauinua.