Magazeti Mawili ya Wagiriki na Ugomvi Ulioachwa Nyumbani

Mwaka 1894 Solon Vlasto alianzisha gazeti la Kigiriki jijini New York akaliita Atlantis. Wagiriki waliokuwa wakimiminika Marekani miaka hiyo wengi wao walikuwa vijana wa vijijini, wakaishia kuosha vyombo, kutandika reli na kung'arisha viatu vya watu. Baadhi yao hata Kigiriki chenyewe hawakujua kukisoma. Jioni walikusanyika mkahawani, aliyesoma akalifungua gazeti na kuwasomea wenzake kwa sauti, kahawa ikipoa vikombeni. Nakala moja iliwatosha meza nzima.

Nimekaa ugenini, najua uzito wa sauti ile. Mtu anapokusomea habari za kwenu, nawe huna pengine pa kuzihakiki, unampa imani yako yote. Imani hiyo ni amana, na naamini wahariri wa Kigiriki hawakuitunza.

Atlantis lilikuwa upande wa Mfalme Constantine wa Ugiriki. Mwaka 1915 mfalme alikosana na waziri mkuu wake, Eleftherios Venizelos, kuhusu Ugiriki kuingia Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo Petros Tatanis akaanzisha Ethnikos Kyrix, hapohapo New York, likiwa upande wa Venizelos. Magazeti yakashambuliana bila kuchoka. Moto ukaingia hadi kanisani: parokia zikagawanyika, na katika baadhi ya miji watu waliobatizwa katika dini moja wakawa na makanisa mawili, wa mfalme huku, wa Venizelos kule. Mfalme mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bahari! Ilibidi angojewe Athenagoras, aliyefika Marekani mwaka 1931 kuwa askofu mkuu wa Waorthodoksi wa Kigiriki huko, ndipo kazi ya kuwapatanisha ishike kasi.

Nakubali kwamba ugomvi huuza magazeti. Lakini wakati wahariri wanakodolea macho Athens, mambo ya hapo walipo yalikuwa yakibadilika. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliipa Ugiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Wasomaji wapya wakakatika ghafla, wakabaki wale wa zamani na watoto wao.

Na watoto hao waliwekewa nini mezani? Atlantis liliandikwa kwa Kigiriki cha kisomi, tofauti kabisa na kile ambacho mtoto alikisikia kwa mama yake jikoni. Juu ya irabu zilipangwa alama tatu za mkazo na mbili za pumzi, yaani za kuonyesha kama neno lilianza na sauti ya h au la, kiasi kwamba mpanga herufi za madini ya risasi kwenye mtambo wa kuchapa alihitaji vijisanduku kadhaa kwa ajili ya herufi alfa peke yake. Mtoto aliyetoka shule ya Kiingereza alilitazama lile gazeti la baba yake kama kitu cha wageni. Kosa hilo simtwishi mtoto. Aliyeshika kalamu ndiye aliyepaswa kumsogelea.

Atlantis lilifungwa mwaka 1973. Ethnikos Kyrix lingali hai, nami nalifurahia hilo kwa dhati. Mwaka 1997 lilianza kutoa toleo zima la Kiingereza kila wiki, miaka 82 tangu lizaliwe. Mjukuu wa yule kijana aliyesomewa mkahawani alikwisha kuwa na wajukuu wake.