Vile Vimistari Si Mabano

Jumapili nilimkuta mpwa wangu barazani, hapa Moshi, amefuta daftari mpaka karatasi imetoboka. Makaratasi yake ya ukaazi wa kudumu Marekani yametoka, na akifika huko anataka kujiunga na jeshi lao. Wenye ukaazi huo wanaruhusiwa, ila lazima wapite kwenye mtihani unaoitwa ASVAB, nao una hesabu kwelikweli.

"Mjomba, hili jibu la pili linanikatalia kila nikilirudisha."

Swali lilikuwa 3|x − 2| + 4 = 19. Vimistari alivifuta akaweka mabano, akaandika milinganyo miwili: mmoja sawa na 19, mwingine sawa na −19. Wa kwanza ukampa 7, sawa kabisa. Wa pili ukampa −17/3, na akiirudisha kwenye swali inatoka 27. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akanitolea karatasi ya tuisheni, ya kulipia: "Ondoa vimistari, andika chanya, andika hasi." Basi, hakuna neno lingine.

Nilikasirika, na mpaka naandika hapa sijapoa. Thamani kamili, ndiyo hivyo vimistari, ni somo la kidato cha kwanza, na ni umbali tu. Mtoto wa Moshi unamfichaje umbali? Shika barabara ya Arusha. Moshi iwe sifuri, Boma Ng'ombe tuseme iko kilomita 25. Konda kakushusha kilomita 10 kutoka Boma. Uko wapi? Ama 15, Boma hujaifikia, ama 35, umeshaipita. Hiyo ndiyo |x − 25| = 10. Majibu yamekuwa mawili kwa sababu Boma ina upande wa huku na upande wa kule. Mtoto akishaliona hilo, halimtoki tena.

Sasa rudi kwenye swali lake. Vimistari vinauliza x iko mbali kiasi gani na 2, lakini umbali wenyewe bado umefunikwa: umezidishwa kwa 3, ukaongezewa 4. Ufunue kwanza. Toa 4, gawa kwa 3, unabaki na |x − 2| = 5. Simama kwenye 2, hesabu hatua tano kulia, tano kushoto. Alichora mstari, akatembeza kalamu taratibu, akafika. "Kumbe −3 ilikuwa huku nyuma muda wote!"

Na |x + 4| = −3? Haina jibu, maana hakuna umbali hasi. Anayeelewa anaiacha palepale. Mwenye kanuni anahangaika nayo na kuondoka na majibu mawili ya uongo.

Najua nitaambiwa mtihani una saa, kijana hana muda wa kuchora barabara. Sawa, kanuni ina haraka yake, hilo nalikubali kwa shingo upande. Lakini ASVAB ya kompyuta ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma kulirekebisha. Kwenye mtihani wa namna hiyo, unamtumaje mtoto na kitu asichoweza kukikagua kichwani?

Tulikaa mpaka taa ya barazani ikawashwa. Swali la mwisho lilikuwa |x − 3| = 2x. Alipata −3 na 1, akatulia, akaikata −3 mwenyewe: "Hii inafanya umbali uwe −6." Sikumwambia mimi.

Ile karatasi nimeondoka nayo. Kesho naipeleka kwa mwalimu aliyeitoa, nikae naye, nimchoree barabara ya Arusha.