Chawa wa angani: mie lawama nakitupia kitabu

Jamani leo namtetea marehemu. Kila zikianza stori za vindege vya kujitengenezea nyumbani, vile vya kati ya vita kuu mbili, Henri Mignet ndo anageuzwa kichekesho, mara hakujua kitu, mara kaua watu. Mi sikubali, yaani sikubali yote.

Huyu Mfaransa, mtu wa redio, ndege za kawaida zilimshinda kuendesha, mikono na miguu haikuelewana kabisa, sasa yeye badala ya kukata tamaa akachora ndege yake isiyo na pedali za miguuni! Ndege hiyo, HM.14, iliruka Septemba 1933, mbao na kitambaa, mabawa mawili, la mbele kama mita 6 hivi ncha hadi ncha, moja mbele kwa juu na jingine nyuma yake chini kidogo, injini ya hospawa 17, bodaboda ya siku hizi inaifukuzia. Stiki moja tu, ukiivuta bawa la mbele lote linabadilisha mlalo, ukiilaza pembeni unakata kona, basi. Akaiita Pou-du-Ciel, chawa wa angani (sio chawa wa wanasiasa, tulieni).

1934 akatoa kitabu chenye michoro yote, anakwambia kama unaweza kugongelea kasha la mbao basi na ndege utaiweza. Watu wakaingia gereji. Agosti 1935 mwenyewe akaruka nayo kuvuka bahari mpaka Uingereza, huko ndo wakachizika kabisa.

Halafu watu wakaanza kufa. Kindege kinainamisha pua, rubani anavuta stiki kama mtu yeyote angefanya, kumbe akivuta, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unashuka unalikaribia la pili, ule upenyo mwembamba katikati unachochea upepo juu ya bawa la nyuma, linanyanyuka, na pua inazidi kwenda chini. Yaani kujiokoa ndo kunakuzamisha! 1936 wakaiweka kwenye handaki la upepo, yaani sehemu ya kuipulizia ndege hewa ili kuipima, Ufaransa na Uingereza pia, ndo ikajulikana.

Sasa kosa kama hilo hata injinia msomi angeweza kulikosa, na likibaki kwenye banda la mtu mmoja linamdhuru mmoja. La Mignet lilipigwa chapa kitabuni, likaenda kwa kila aliyekinunua. Kule Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol, mbunifu mwingine wa vindege vya nyumbani, naye michoro ya ndege yake Air Camper ilichapishwa, injini ya gari la Ford Model A, ila umbo la kawaida tu lisilo na maajabu, na watu wanaziunda hadi leo. Kupanda ningepanda ya Pietenpol, sibishi.

Mignet alirudi mezani akachora vingine, vizazi vya chawa wake bado vinaruka. Ila vile vitabu vilivyoshauzwa, nani angepita gereji kwa gereji kuvikusanya?