Dodoso la mtandaoni kwa madaktari wahitimu linapima nini hasa?

Chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili, Dar es Salaam, kilipokuwa kikijiandaa kwa mitaala ya umahiri (inayolenga kile mhitimu anachoweza kutenda) iliyoanza mwaka 2011, kilifuatilia pia wahitimu wake waliokuwa kazini. Hoja yake inaeleweka: mhadhiri anajua alichofundisha, ila aliyepelekwa hospitali ya wilaya ndiye anayejua kilichopelea. Leo kazi hiyo inafanywa kwa kiungo cha dodoso kinachotumwa kwenye simu. Gharama imeshuka, na uzembe umeongezeka.

Tuseme darasa lilitoa wahitimu 200. Barua pepe zinazopatikana ni 150, waliojibu ni 60. Ripoti itaandika asilimia 40, wakati kwa darasa zima ni 30. Wale 50 wasiofikiwa huenda ndio wasio na ajira au walioacha tiba kabisa, yaani wenye mengi ya kusema. Namba binafsi ya simu na ya ndugu wa karibu zichukuliwe mapema, siku ya kujaza fomu za kumaliza chuo. Anwani ya barua pepe ya chuo isitegemewe.

Wapinzani wa madodoso haya wana hoja nzito zaidi: mtu hajipimi mwenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyotoka kwenye jarida la tiba la Marekani, JAMA, mwaka 2006 yaliona kuwa madaktari wana uwezo mdogo wa kujitathmini kwa usahihi. Sawa, lakini mara nyingi ubovu umo kwenye swali. "Je, chuo kilikuandaa vizuri kumhudumia mzazi anayevuja damu na mtoto asiyepumua?" Hapo kuna maswali mawili kwa mkupuo, na yote yanauliza hisia. Afadhali: "Kabla ya kuhitimu, ulitoa kondo la nyuma kwa mkono mara ngapi?" Majibu: sijawahi, 1–2, 3 au zaidi, na ya kwa mgonjwa yatenganishwe na ya kwa mwanasesere wa kujifunzia.

Hata hivyo, wengi wakijibu "sijawahi", dodoso halisemi kwa nini. Pengine wanafunzi walijazana wodini, pengine wanaosomea ubingwa ndio waliopewa nafasi. Hilo litafutwe kwenye vitabu vya kumbukumbu za mazoezi na kwa wasimamizi wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya kuhitimu. Kukimbilia kuongeza mihadhara ni kutibu ugonjwa usiopimwa.

Wakati mzuri ni mwisho wa utarajali. Siku ya mahafali mhitimu hajakutana na kazi yenyewe. Baada ya miaka mitano anaweza kuwa anahukumu mtaala uliokwisha badilishwa.

Usiri ndio mgumu. Kiungo cha wazi kikirushwa WhatsApp, mtu anaweza kujibu mara mbili, au akajibu asiyehusika. Kiungo cha pekee kwa kila mtu kinaruhusu kuwakumbusha wasiojibu tu, ila jibu linaweza kufuatiliwa hadi kwa mwenyewe, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sisi tunachagua hicho cha pekee kwa kila mtu, kwa sharti kwamba orodha ya majina ishikwe nje ya idara husika, na kundi lenye majibu chini ya 5 lisichapishwe peke yake. Daktari mmoja wa kike aliyepangiwa mkoa fulani hahitaji kutajwa jina ili mkuu wa idara amjue.