Robo ya Milimita: Risasi Ipi kwa Mtutu Mpya wa Bunduki ya Kuwindia?

Mzee mmoja wa Magu, anayeomba kibali cha kuwinda kila uwindaji wa wenyeji unaporuhusiwa, ana bunduki ya Mauser iliyotengenezwa Ubelgiji, ya kipimo cha .30-06 (upana wa kichwa cha risasi ni takriban inchi 0.30), ambayo aliirithi kwa baba yake kwa kufuata taratibu zote. Mtutu wake umekwisha. Marehemu baba yake alitumia risasi za zamani ambazo fataki zake, yaani viwasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu kila zinapopigwa, na chumvi hiyo hufyonza unyevu. Ukiongeza kwamba bunduki ililala miaka mingi katika nyumba inayopata upepo wa Ghuba ya Speke usiku na mchana, hutashangaa kukuta mifuo ya ndani, ile mikato inayoizungusha risasi, imeliwa na kutu. Mwili wa chuma, bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) na kitako bado ni vizima kabisa. Kinachotakiwa ni mtutu mpya, na hapo ndipo mabishano yalipoanzia: afunge .30-06 ileile, au atumie nafasi hii kuhamia kwenye risasi nzito zaidi? Fundi anamshauri achukue 9.3x62, yaani kichwa cha upana wa milimita 9.3 katika ganda la urefu wa milimita 62. Wanawe wanasema .375, ya upana wa inchi 0.375, wala hawataki kusikia nyingine.

Kabla ya ladha ya mtu, kinachoamua ni chuma. Bunduki ya aina hii ina mwili mrefu, yaani bolti na magazini, kisanduku cha risasi, vimepimwa kwa risasi yenye urefu wa takriban milimita 84 hadi 85 kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa, ile sehemu inayoruka. Uso wa bolti nao umechongwa kushika kitako cha ganda chenye kipenyo cha milimita 12 hivi. Risasi inayokubaliana na vipimo hivyo viwili haidai kazi nyingine zaidi ya mtutu wenyewe na marekebisho madogo ya namna risasi inavyoingia kwenye mtutu, ilhali isiyokubaliana navyo humlazimu fundi kukata chuma ambacho hakirudishwi kikishaondoka.

Kwa kipimo hicho, hoja ya fundi ni nzito. Risasi ya 9.3x62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, wakati Mwanza yenyewe ikiwa kituo cha Wajerumani, na wateja aliowalenga walikuwa walowezi wa Afrika waliohitaji bunduki moja ya bei nafuu ya kukabili karibu kila mnyama. Bock hakuhitaji bunduki mpya. Alipanua ganda ili liingie katika Mauser ya kawaida, likashika bolti ileile na kukaa katika magazini ileile. Kichwa chake cha gramu 18.5 hutoka kwa mwendo wa karibu mita 720 kwa sekunde, kikibeba nguvu ya jouli 4,800 hivi, ambapo .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 na mwendo wa mita 820 hubeba jouli 3,900 hivi. Tena hufanya hayo bila kukibana chuma: kiwango cha C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, kinairuhusu shinikizo la megapaskali 390, pungufu ya 405 za .30-06. Kwa mwili wa bunduki uliozeeka, hilo si jambo dogo. Mtu anayemfuata pofu dume, mnyama anayeweza kukaribia kilo 900, katika vichaka vya kando ya mto ambako hataonekana mpaka umsogelee hatua 60, angekuwa na sababu njema ya kutaka kichwa kizito, kipana na kisichokimbia sana.

Lakini fundi alipolitaja jina la nyati, nilimsimamisha. Kanuni za uwindaji nchini Tanzania zinaweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Kichwa cha .375 kina kipenyo cha milimita 9.53, cha 9.3x62 kina milimita 9.30. Tofauti haifiki hata robo ya milimita, na wawindaji wa karne nzima wameangusha nyati kwa 9.3, ila kanuni haisomi historia, inasoma namba. Kwa hiyo risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama hii leo ni nzito kuliko anavyohitaji mwindaji wa swala na nyumbu, na ni nyembamba kuliko anavyotakiwa mwindaji wa nyati. Anayeichagua kwa matumaini ya nyati anakuwa amenunua mtutu mpya bila kufungua mlango mpya.

Je, basi wanawe wana haki? Wanachokitaka, ingawa hawakukitaja kwa jina lake kamili, ni .375 H&H Magnum, risasi ya kampuni ya Holland & Holland ya London ya mwaka 1912, ambayo wawindaji wa kulipwa wameizoea Afrika nzima. Sifa zake sina sababu ya kuzipinga: kichwa cha gramu 19.4, mwendo wa mita 770, jouli zaidi ya 5,700. Tatizo ni kwamba ina urefu wa milimita 91.4. Ili iingie katika Mauser ya kawaida, magazini hurefushwa mbele na nyuma, uso wa bolti hupanuliwa, na ngazi ya kupandishia risasi huchongwa mpaka chuma kinapungua nyuma ya mahali jino la chini la bolti linapojikita wakati wa mlipuko. Mafundi wamewahi kufanya hivyo na bunduki nyingi zikadumu. Hata hivyo, unapunguza chuma palepale unapoongeza mzigo, kwa sababu shinikizo linaloruhusiwa hapa linafika megapaskali 430. Mimi singeweka shavu langu nyuma ya bunduki hiyo, hasa nisipojua chuma chake kilipikwaje. Ipo .375 Ruger ya mwaka 2007, ambayo ilibuniwa makusudi iwe na urefu wa .30-06, na kweli inakwepa suala la magazini kurefushwa. Shinikizo lake, hata hivyo, ni kubwa vilevile na uso wa bolti lazima upanuliwe, mbali na taabu ya kuitafuta risasi yenyewe dukani.

Nyingine nitazipita haraka. .270 na 7x64 zinaingia bila shida na zinapiga mbali kwa unyoofu mzuri, lakini hazimpi mzee huyu kitu ambacho .30-06 ilimnyima. .308 ni fupi, nayo kuifunga katika mwili mrefu ni sawa na kulima robo eka kwa trekta. .300 Winchester Magnum inaongeza mwendo, teke na kelele, inapunguza risasi za magazini kutoka tano hadi tatu, na uso wa bolti unachongwa pia.

Inabaki ile ya zamani. Udhaifu wa .30-06 ni wa kweli: kwa pofu mkubwa inadai kichwa imara na mwindaji anayejua kuiacha nafasi mbaya ipite. Sehemu ya udhaifu huo inatibika. Mtutu mpya ukiagizwa wenye mifuo inayozunguka mara moja kila milimita 254, utavituliza vichwa vya gramu 11.7 na hata vya gramu 14.3, ambavyo ni virefu na hupenya kwa kina. Katika mbuga za udongo mweusi za upande wa Simiyu, ambako mnyama hupigwa mita 150 au 200, .30-06 hushuka kidogo kuliko 9.3, na mwenye bunduki halazimiki kukisia sana. Bega nalo linahesabiwa. Mzee ana umri wa miaka 68, na mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kuvuta.

Upande wa makaratasi nao una uzito wake. Kibali cha kumiliki bunduki, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, kinaihusu silaha fulani yenye kipimo fulani. Kubadilisha kipimo ni kubadilisha kilichoandikwa, kwa hiyo safari inaanzia polisi, ndipo ifike kwa fundi mwenye leseni. Hata ukirudisha kipimo kilekile, usikabidhi bunduki kwa mtu kabla ya kupata maelekezo yao kwa maandishi.

Ushauri wangu kwa mzee ulikuwa .30-06, na kama siku moja atapata nafasi ya nyati, atafute .375 iliyozaliwa .375. Ningekuwa na miaka 40, na shamba langu likiwa limezungukwa na vichaka, pengine ningeandika vingine, kwa kuwa 9.3x62 ndiyo risasi nzito pekee kati ya zote hizi inayoingia katika bunduki ile kama iliyozaliwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza gharama ya mitutu yote miwili, akasema baba yake hakuwahi kurudi nyumbani bila nyama kwa sababu ya .30-06, alirudi bila nyama kwa sababu ya haraka. Sasa anasubiri barua ya polisi.